Pangaboi la Kusukumwa kwa Fagio, Blenda ya Kunuka Moshi

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina mpini wa fagio usio na fagio, umesimama nyuma ya mlango wa chumbani. Kazi yake ni moja. Usiku wa joto unawasha pangaboi, linanguruma bila kuzunguka, basi unapanda kitandani, unasukuma panga moja kwa ncha ya ule mpini, na feni inaanza kwenda kivivu. Kwetu Tabata tuliishi hivyo karibu mwaka mzima. Usiku mmoja mdogo wangu akasukuma upande usio wake. Feni haikukataa. Ilizunguka kinyumenyume hadi alfajiri, ikipandisha upepo darini, na sisi chini tunalowa jasho tukilaumu umeme mdogo.

Asubuhi yake blenda ikasaga maembe jikoni. Hiyo haijawahi kusukumwa na mtu. Ukibonyeza tu inapiga yowe, mtaa mzima unajua kwenu kuna juisi, na ikizidishiwa kazi inatoa harufu ya kuungua. Kuzunguka kinyume haijui kabisa. Na umeme ni ule ule, volti 230, unaogeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Inakuwaje mmoja asubiri kusukumwa tena akubali upande wowote, na mwenzake aondoke mwenyewe?

Niliyapeleka hayo kwa fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani anayesuka upya nyaya za mota zilizoungua. Badala ya kunijibu akaniuliza: "Kwani kile kinachozunguka kinapata umeme kwa njia gani?"

Sikuwa na jibu, na nimegundua baadaye kwamba ukilipata hilo mengine yote yanajieleza. Mota yoyote ya umeme ina sehemu iliyotulia, steta, na sehemu inayozunguka, rota. Kwenye blenda, drili na grenda mafundi huiita rota amecha. Ili rota izunguke lazima ndani yake upite mkondo, kwa sababu waya wenye mkondo ukiwa karibu na sumaku husukumwa. Hilo limejulikana tangu miaka ya 1820. Tatizo ni kwamba kitu chenyewe kinazunguka. Ukikiunganishia waya wa kawaida, utajisokota mpaka ukatike. Blenda imelitatua kwa kulishwa mdomoni: vipande viwili vya kaboni vinaikandamiza amecha huku inazunguka na kuipa mkondo. Pangaboi haliguswi na waya wowote upande unaozunguka. Umeme wake linaukopa kupitia hewani.

Tuanze na huo mkopo, maana ndio wenye miujiza.

Anayekumbuka mita za zamani, kabla ya Luku, hizi za kulipia kabla, anakumbuka kisahani cha alumini kilichokuwa kikizunguka nyuma ya kioo, na alama ya rangi ukingoni. Ukichomeka pasi kinakimbia, ukizima kila kitu kinasimama. Kisahani kile hakikuwa na waya hata mmoja, na alumini, kama unavyojua, haivutwi na sumaku. Kilizungushwa na koili, yaani waya uliosukwa duara unaogeuka sumaku ukipitisha umeme, zilizokuwa juu na chini yake, ambazo sumaku zake zilipanda na kushuka kwa kupishana kidogo, hii kwanza, ile baadaye. Kwa kisahani ilikuwa kama sumaku moja inayohama kutoka upande huu kwenda ule. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikibadilika karibu na madini yanayopitisha umeme, ndani ya madini hayo unazaliwa mkondo. Mkondo huo nao unatengeneza sumaku yake, na sumaku hiyo mpya siku zote hupinga mabadiliko yaliyoizaa. Sumaku inahama? Kisahani kinajaribu kuifuata, ili tofauti kati yao ipungue. Kinaburutwa.

Mita zile huitwa kwa jina la Galileo Ferraris, Mtaliano wa Torino aliyeunda mota ya namna hii mwaka 1885 na kuitangaza mwaka 1888. Mwaka huo huo wa 1888 Nikola Tesla alipata hataza zake Marekani. Umbo la mota inayosaga unga wetu leo linatokana zaidi na kazi ya Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi Mrusi aliyefanya kazi Ujerumani, mwaka 1889. Nani alitangulia, wamebishana tangu hapo, na sisi tuwaache.

Sasa fungua mota ya mashine ya kusaga, zile kubwa za Manzese. Rota utakayoitoa inashangaza kwa ufukara wake. Hakuna waya, hakuna koili, hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi mbili. Ni silinda ya mabati membamba ya chuma yaliyopangwa, na ndani yake zimepita fito za alumini zilizounganishwa ncha zote mbili kwa pete. Ukiliondoa bati lote, kinachobaki ni kama tenga la kuku lililolala ubavu. Basi. Tenga hilo linakaa ndani ya steta bila kuigusa, na pengo kati yao mara nyingi halifiki milimita moja.

Kazi yote ya ujanja inafanywa na steta. Umeme wa njia tatu unakuja kwa nyaya tatu ambazo mapigo yake hayafiki pamoja. Kila mmoja unachelewa nyuma ya mwenzake kwa theluthi ya mzunguko. Nyaya hizo zimesukwa kwenye mfereji wa steta zikifuatana kwa duara. Wa kwanza ukifika kileleni, sumaku iko upande wake. Mara wa pili unashika, mara wa tatu. Umewahi kukaa Uwanja wa Benjamin Mkapa siku mashabiki wakianzisha wimbi? Kila mtu anasimama na kukaa pale pale kwenye kiti chake, hakuna aliyehama hata hatua moja, lakini wimbi linazunguka uwanja mzima. Ndivyo ilivyo steta. Koili zimetulia tuli, uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu zake, unazunguka. Na tenga la kuku katikati linaburutwa kama kile kisahani.

Wimbi hilo lina mwendo wake na halijali wewe unataka nini. Kwa umeme wa mara 50 kwa sekunde, steta iliyosukwa ncha mbili za sumaku inazungusha uga mara 3,000 kwa dakika. Ncha nne ni 1,500. Ncha sita ni 1,000. Pangaboi lenye ncha 16 ni 375, ndiyo maana linakwenda taratibu bila gia yoyote.

Lakini soma kibati cha mota halisi. Yenye ncha nne haikuandikwa 1,500. Imeandikwa 1,440, au 1,420. Pampu ya maji ya ncha mbili imeandikwa 2,850 au karibu na hapo. Ile mizunguko 60 imekwenda wapi? Nilidhani ni hasara ya msuguano. Sivyo. Kumbuka mkondo wa rota unazaliwa kwa sababu uga unaipita. Rota ikiufikia uga na kwenda nao sawa, hakuna tena kinachompita mwenzake, mkondo unakufa, na nguvu inakufa nayo. Kwa hiyo rota lazima ichelewe. Mota isiyobeba kitu inachelewa kidogo sana. Ukimwaga mahindi inachelewa zaidi, mkondo unaongezeka, nguvu inaongezeka, mpaka itosheleze mzigo. Hakuna mtu anayeirekebisha. Kuchelewa kwenyewe ndiyo akseleta. Kwa mota ya 1,440 kuchelewa ni asilimia 4, maana yake fito za rota zinaona umeme unaogeuka mara mbili tu kwa sekunde badala ya mara 50.

Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini taa zinafifia friji likiwaka. Mota ikiwa imesimama, uga unaipita rota kwa kasi yote. Mkondo unaozaliwa ni mkubwa ajabu, na steta inavuta umeme mara tano, sita, hata saba ya kawaida yake. Ikishachanganya inatulia. Ikikwama ikashindwa kuchanganya, mkondo ule hautulii, na dakika chache zinatosha kuunguza vanishi ya nyaya.

Kwenye njia tatu, kubadili upande wa kuzunguka ni rahisi mno. Badilisha nyaya mbili kati ya tatu, zozote zile, na wimbi linageuka. Wachonga samani wa Keko wanalijua hilo bila kusoma kitabu, maana mashine ya kuranda ikifungwa vibaya itakutemea mbao.

Simba kulia, Yanga kushoto

Nyumbani kwetu hatuna njia tatu. Tuna moja, na hapo ndipo ule mpini wa fagio unapoingia.

Njia moja haiwezi kutengeneza wimbi linalozunguka. Sumaku yake inapanda na kushuka mahali pamoja, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Hesabu inaonyesha kwamba kupanda na kushuka huko ni sawa na mawimbi mawili yenye nguvu sawa yanayozunguka kinyume. Chukua uwanja ule ule siku ya watani wa jadi: Simba wameanzisha wimbi kwenda kulia, Yanga wakati huo huo wameanzisha la kushoto. Rota iliyosimama katikati inavutwa na wote sawasawa. Haiendi popote. Inanguruma tu, na mkondo unaendelea kuingia.

Ukiisukuma kidogo kwenda kulia, sasa inasafiri karibu na wimbi la kulia, na limeishika vizuri. Lile la kushoto linaipita kwa kasi karibu mara mbili na halipati nafasi ya kuishika. Simba ameshinda. Ungesukuma kushoto, angeshinda Yanga kwa sababu ile ile. Ndiyo siri ya mdogo wangu na upepo wa darini.

Watengenezaji hawakukusudia tutumie fagio, bila shaka. Ndani ya pangaboi kuna koili ya pili, na kwenye njia yake kuna kapasita, kile kidude cheusi cha mraba kilichofichwa kwenye kikombe cha juu. Kapasita inafanya mkondo wa koili ya pili uwahi ule wa kwanza kwa karibu robo ya mzunguko. Mzunguko mmoja wa umeme wetu ni milisekunde 20, robo yake ni tano. Milisekunde tano hizo zinatosha kulipa wimbi la upande mmoja nguvu kuliko la mwenzake, na feni inaondoka yenyewe, upande ule ule kila siku. Kapasita ikichoka, tunarudi kwenye sare.

Basi pangaboi linalonguruma bila kwenda, au linalozidi kuwa vivu mwezi hadi mwezi, mara nyingi halijafa. Kapasita ya pangaboi huwa ni maikrofaradi mbili na nusu hivi, imeandikwa ubavuni, na Kariakoo bei yake haizidi sana sahani ya chipsi. Weka yenye namba ile ile. Kuna watu huweka kubwa zaidi wakiamini feni itakimbia. Kinachokimbia ni joto la koili. Pampu nayo ina kapasita, kubwa zaidi, na hiyo inaweza kukupiga shoti hata umeme ukiwa umezimwa, kwa kuwa inahifadhi. Mafundi huimaliza kwanza umeme uliobaki kwa kuigusisha kwenye balbu.

Kisa hiki kina ndugu yake kwenye mashine za kusaga. Fyuzi moja ikikatika kati ya njia tatu, ile mota kubwa inageuka ya njia moja bila kapasita. Ikiwa ilikuwa inazunguka, itaendelea, maana imeshasukumwa, ila njia mbili zilizobaki zinabeba mzigo wote na kupata moto. Ikizimwa haiwaki tena, inanguruma kama pangaboi letu. Mwenye mashine anayeshindana nayo kwa kuwasha na kuzima anaipeleka mwenyewe kwa fundi wa kusuka.

Umeme mdogo wa jioni nao unaiumiza mota ya aina hii kuliko balbu, kwa sababu nguvu ya kuzungusha inafuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 184, yaani zimebaki asilimia 80, nguvu imebaki asilimia 64 tu. Kompresa ya friji inajaribu kuondoka, inashindwa, kinga yake inakata kwa mlio wa "tak", inapoa, inajaribu tena. Friji gadi inafanya kazi mbili za maana hapo. Inakata volti zikiwa chini mno, na umeme ukirudi inakusubirisha dakika chache ili mgandamizo wa gesi ushuke, kompresa isianze kwa kusukuma ukuta.

Upande wa kaboni

Blenda haina mambo ya mawimbi. Amecha yake imesukwa waya wa shaba, koili nyingi ndogo, na kila koili imeishia kwenye kipande chake cha shaba kwenye pete inayoitwa komyuteta. Kaboni mbili zinaikandamiza pete hiyo kwa springi. Amecha ikizunguka, kaboni zinaacha kipande hiki na kushika kinachofuata, hivyo koili yenye mkondo siku zote iko mahali panapofaa kusukumwa. Vitabu huiita mota yunivesali, kwa kuwa inakubali umeme wa betri na wa ukutani vilevile. Mtaani ni mota ya kaboni, na jina hilo nalipenda zaidi.

Lakini umeme wa ukutani unageuka. Kwa nini amecha haigeuki nao, mara huku mara kule? Kwa sababu mkondo ule ule unaopita kwenye amecha unapita pia kwenye koili za sumaku za pembeni. Zimeunganishwa kwa mfuatano, kama shanga kwenye uzi mmoja. Ukigeuka, vyote viwili vinageuka pamoja. Hasi mara hasi ni chanya, kama tulivyokaririshwa darasani. Unaweza kugeuza plagi utakavyo, upande wa kuzunguka ni ule ule. Ili blenda irudi nyuma ingebidi ugeuze waya za amecha peke yake.

Na kwa kuwa hakuna uga wa kufuatwa, hakuna kikomo cha 3,000. Mota ya kaboni ikizunguka inazalisha umeme wake wa kupinga ule unaoingia, na upinzani huo ndio unaoipunguzia mkondo. Ikiwa haina mzigo, mkondo unakuwa mdogo, sumaku zake zinadhoofika, na ili upinzani ufikie volti zinazoingia inabidi ikimbie zaidi. Inakimbia hadi upepo na msuguano viizuie. Grenda ndogo ya diski ya inchi nne na nusu hufika mizunguko 11,000 hivi kwa dakika, mashine ya kunyonya vumbi hufika hata 30,000. Nguvu ni msukumo mara kasi, kwa hiyo chombo chenye kasi kubwa kinatoa nguvu kubwa kikiwa kidogo. Ndiyo sababu grenda ya wati 700 inashikika mkononi, na mota ya indaksheni, yaani ile ya kukopa umeme kama ya pangaboi, ya wati hizo hizo utaibeba kwa mikono miwili ukiinama.

Ikielemewa, mambo yanageuka. Umeweka nazi na maji kidogo, visu vimekaza, kasi imeanguka. Upinzani umetoweka, mkondo umejaa, na feni ndogo iliyo kwenye mhimili ule ule, inayotakiwa kuipooza, nayo imepunguza mwendo. Joto linaongezeka wakati hasa upepo umepungua. Maandishi ya chini ya blenda yanayosema dakika moja kisha pumzisha si ya kupamba. Wauza juisi wanaoitumikisha blenda ya nyumbani kutwa nzima wanainunua upya mara kwa mara, kisha wanasema vya siku hizi ni feki. Vingine ni feki kweli. Vingi vimekufa kwa kazi.

Cheche unazoziona kwenye matundu ya grenda zinatoka hapo kaboni inapohama kipande hadi kipande. Chache, za bluu, zimetulia chini ya kaboni, ni kawaida, na ndizo zinazokoromesha redio ya jirani. Zikiwa pete ya moto inayozunguka komyuteta nzima, zima. Ama kaboni zimeisha, ama koili moja ya amecha imekatika. Cheche hizi zimewahi kuamua hata mambo ya reli: Ujerumani na Uswisi zilijenga umeme wa treni unaogeuka mara 16 na theluthi mbili tu kwa sekunde, kwa sababu mota kubwa za komyuteta zilitoa cheche kupita kiasi kwenye 50. Treni ya SGR inayoondoka Dar inatumia volti 25,000 za mara 50 zile zile za nyumbani, maana shida ile imeshapitwa na wakati.

Kutambua chombo chako kina mota gani huhitaji bisibisi. Kinachonguruma kwa sauti ya chini, kizito, kinachokaa saa nyingi bila kulalamika, ni indaksheni: feni, friji, pampu, mashine ya kusaga. Kinachopiga yowe, chepesi, na kasi yake inabadilika ukikikaza, ni kaboni: blenda, drili, grenda, mota ndogo inayofungwa kwenye cherehani na kuongozwa kwa pedeli. Mashine za kufulia zimechanganya. Za zamani za mlango wa mbele nyingi ni kaboni.

Swichi ya mwendo nayo inawatenganisha. Mota ya kaboni inatii ukiipunguzia volti, ndiyo maana kidole kwenye drili kinatosha. Indaksheni imefungwa kwenye zile mara 50. Pangaboi linatii regileta kwa sababu upepo unahitaji nguvu ndogo sana mwendo ukishuka, kwa hiyo likicheleweshwa halikwami. Pampu ukiifanyia hivyo unaweza kuiunguza. Njia ya haki ya kuiendesha indaksheni kwa mwendo utakao ni kubadili zile mara 50 zenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya inveta. AC za kisasa zilizoandikwa inveta hutumia ujanja huo huo, hata kama mota zake nyingi si indaksheni: inveta inaunda umeme wa mara 20, 40 au 70, na kompresa inafuata. Inaondoka taratibu, taa hazififii.

Pangaboi letu lilipona siku ile ile. Fundi alilipachika kapasita, akalijaribu likiwa juu ya meza, akazima. Kisha akavuta blenda niliyokuja nayo, akafungua vifuniko viwili vya pembeni, akatoa kaboni na kuzishika kwenye mwanga. Moja ilikuwa na urefu wa kucha ya kidole kidogo. Ya pili ilikuwa imebaki springi tupu, na springi yenyewe imeshachimba mfereji kwenye shaba ya komyuteta.

"Hii," akasema, "ungekuja mwezi uliopita."